Isizidi Chumvi ya Machozi

Kwetu Mwandiga hakuna aliyejitilia sukari mwenyewe kikombeni. Sukari ilitiwa sufuriani, chai ikiwa bado inachemka, na aliyeitia alikuwa mama peke yake. Ukimpa kila mtu kijiko chake, alikuwa akisema, nusu ya sukari inabaki chini ya kikombe, halafu mtu anaimwaga uani kama vile baba yake ana kiwanda. Ikiwa sufuriani, kwenye moto, sukari haina pa kujificha. Inayeyuka yote, na wote tunakunywa sawa.

Sikujua kwamba lile lilikuwa somo la kemia. Nilidhani ni uchumi tu wa mwanamke mwenye watoto watano na kilo moja ya sukari.

Mama alikuwa mfanyabiashara wa mawese. Anayeijua Mwandiga anajua kwamba hilo si jambo la ajabu. Pale inapoanzia barabara ya kwenda Manyovu, mpakani na Burundi, mawese ni kama maji: yako kwenye madumu, kwenye chupa, kwenye maharage, kwenye mikono ya watu. Mama aliyanunua kwa akina mama wanaokamua, akajaza madumu, akayapakia treni Kigoma mjini na kwenda kuyauza Tabora. Alikuwa akikaa huko wiki, mara nyingine zaidi. Mashati yetu ya shule yalikuwa na madoa ya rangi ya chungwa ambayo maji matupu hayakuyaweza hata uyafikiche mpaka vidole vichubuke. Ilihitajika sabuni, na sabuni yenyewe, ile ya mabonge ya kwetu, ilikuwa imetengenezwa na mawese hayohayo. Nilipokuwa mdogo nilikiona hicho kuwa kichekesho: mafuta yanaondoa mafuta.

Baadaye nikaenda sekondari, na huko mambo haya yote yakapewa majina ya Kiingereza. Nilikariri maana ya umumunyifu, yaani kiasi cha juu kabisa cha kitu kinachoweza kuyeyuka katika kiasi fulani cha maji kwenye joto fulani. Niliikariri neno kwa neno, kwa lugha ambayo nyumbani hakuna aliyeizungumza, na nikapata vyema zote kwenye mtihani wa muhula. Hakuna siku iliyonijia akilini kwamba ile sentensi ilikuwa inaizungumzia chai ya mama.

Lugha yetu nayo ina mtego wake hapa. Tunasema barafu imeyeyuka, mawese yaliyoganda asubuhi ya baridi yameyeyuka juani, na sukari imeyeyuka kwenye chai. Neno moja, mambo mawili. Mawese yanahitaji joto tu, na yakishayeyuka yanabaki mawese. Chumvi huwezi kuiyeyusha kwa moto wa jikoni, maana inataka nyuzi joto 801, lakini itumbukize kwenye maji ya mtungini na baada ya muda huioni tena. Kwa hili la pili lipo neno zuri, kumumunyika, ndugu wa kumumunya, kama mtoto anavyomumunya pipi mpaka iishe. Ningefundishwa kwa neno hilo, pengine ningekumbuka kwamba pipi haiishi kwa mara moja. Inachukua muda. Na muda ndio ulioniponza.

*

Mwaka 1996 nilikuwa kidato cha tatu. Mama alikuwa Tabora na madumu yake. Baba alikuwa kambi ya uvuvi, kusini mwa ziwa. Bibi, mama yake baba, aliyekuwa akiishi nasi, alikuwa amekwenda msibani Kalinzi na angelala huko. Nyumbani nilibaki mimi, mkubwa, na wadogo zangu wanne. Wa mwisho alikuwa wa kike, ana miaka mitatu.

Baada ya adhuhuri akaanza kuharisha. Mara ya kwanza nilimwosha nikampuuza. Mara ya nne nikaacha kuhesabu. Ilipofika magharibi alikuwa amelala mkekani, kimya, macho yamezama kidogo, midomo mikavu. Zahanati ilikuwa imefungwa. Lakini sikuogopa sana, maana mimi nilikuwa msomi. Kwenye ukuta wa zahanati ile palikuwa na mchoro ambao niliusoma kila nilipopelekwa kuchoma sindano: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, visiwe na kilima juu.

Nilikumbuka vizuri kabisa. Halafu nikakosea kila kitu.

Kwanza, sukari. Kwenye kopo ilikuwa imebaki kidogo, pengine vijiko saba. Nikiitia yote, kesho bibi anarudi kutoka msibani hakuna chai. Nikasema moyoni, sukari ni ya kumbembeleza tu mtoto anywe. Dawa yenyewe ni chumvi. Nikatia vijiko viwili.

Pili, maji. Mtoto wa miaka mitatu, niliwaza, hawezi kumaliza lita nzima. Nikapima nusu lita kwenye jagi. Chumvi sikuipunguza. Mwanafunzi wa kemia aliyesahau kwamba kipimo kilekile kwenye nusu ya maji ni ukali mara mbili!

Tatu, kijiko. Vijiko vya chai vilikuwa vimepotea, kama vinavyopotea kila nyumba. Nilitumia kijiko cha kulia wali.

Na nne, hili ndilo ninalolirudia kichwani mpaka leo, chumvi yenyewe. Ilikuwa chumvi ya Uvinza, ya mawe, chengachenga kubwa. Maji yalikuwa ya mtungini, ya baridi. Nikatia, nikakoroga mara mbili tatu, nikaonja kwa juu. Hapakuwa na chumvi ya maana. Nikachungulia: chenga zimetulia chini. Nikasema, ah, haijakolea. Nikaongeza kijiko kingine.

Msomaji, unaona nilichofanya? Nilichanganya mambo mawili ambayo mwalimu alikuwa ameyatenganisha ubaoni kwa mstari mwekundu. Kasi ya kuyeyuka ni jambo moja, kiasi kinachoweza kuyeyuka ni jambo jingine. Chenga kubwa zinayeyuka polepole kwa sababu maji yanaigusa chumvi kwa nje tu, na kitu kikubwa kina nje kidogo ukilinganisha na ndani yake. Ukiitwanga, unaongeza nje, inakwenda haraka. Ukipasha maji, inakwenda haraka. Ukikoroga, unaondoa yale maji ya karibu ambayo tayari yamekolea na kuleta mapya. Lakini usipotwanga, usipopasha, usipokoroga, chumvi haijakataa. Inajivuta tu. Kuyeyuka polepole si kutoyeyuka.

Nilimnywesha saa mbili usiku, akanywa kwa pupa kwa sababu ya kiu. Saa tatu nikampa tena, na sasa zile chenga za chini zilikuwa zimekwisha kuingia majini. Saa nne alikataa. Nikambana pua. Akatapika. Akalilia maji, maji matupu, na mimi, kwa uhodari wote wa kidato cha tatu, nikamnyima, nikamwambia dawa kwanza.

Usiku ule ulikuwa mrefu. Kuna wakati alilia bila machozi. Niliona hilo na sikujua maana yake.

*

Bibi alirudi alfajiri na gari la kwanza. Hata khanga hakuivua. Alimshika mtoto, akamfinya ngozi ya tumbo, akaitazama ilivyochelewa kurudi. Kisha akaliona jagi. Akachovya kidole, akaonja, akatema nje mlangoni.

"Mume wangu," akaniita, kama bibi zetu wanavyotuita, lakini safari hii hapakuwa na utani ndani yake. "Umemnywesha Uvinza."

Akaimwaga. Akanituma kwa jirani kukopa sukari, nami nikaenda nakimbia. Alichukua maji yaliyochemshwa, akatia sukari, halafu akafinya chumvi kwa ncha za vidole vitatu tu, akakoroga mpaka chini pakawa peupe. Akaonja yeye. Akanipa na mimi nionje.

"Isizidi chumvi ya machozi," alisema. "Ikizidi machozi, inamkausha."

Hakuwa na kijiko wala hakujua kusoma. Kipimo hicho alikipata kwa muuguzi mmoja miaka mingi kabla, akiwa na mtoto wake mwenyewe mgongoni, na alikihifadhi kwa njia pekee aliyokuwa nayo, yaani ulimi. Baadaye sana, nikiwa chuoni, nilikuja kusoma kwamba hilo si porojo la vikongwe. Machozi yana chumvi karibu gramu 9 kwa lita, kama damu. Kitu chenye chumvi kuzidi hapo kikiingia tumboni, maji ya mwili yanatoka kukifuata badala ya kuingia. Nusu kijiko cha chai kwa lita ni kama gramu 3. Mimi nilikuwa nimetengeneza kitu cha kukausha samaki.

Na maji hayakunionya. Hilo ndilo lililonishangaza nilipokuja kulifikiria. Lita moja ya maji ya kawaida inaweza kubeba kiasi cha gramu 360 za chumvi kabla ya kusema basi. Sukari ndiyo usiseme: karibu kilo mbili kwa lita, na maji yakiwa ya moto, zaidi ya mara mbili ya hapo. Kwa hiyo pale nilipokuwa nakoroga, maji yalikuwa yanapokea tu, angavu, hayana dalili. Maji yana mpaka wao. Mwili una mpaka wake, na uko mbali sana chini ya ule wa maji, karibu mara arobaini. Ile sentensi niliyoikariri ilihusu mpaka wa kwanza. Wa pili alikuwa nao bibi.

Alimnywesha kwa kijiko, kidogokidogo, huku tukitembea kwenda zahanati, mtoto mgongoni mwake na mimi nyuma nimebeba jagi. Wakamtundikia dripu. Muuguzi alipouliza mtoto amepewa nini, nilifungua mdomo, bibi akanitangulia.

"Tulikosea kipimo," alisema. Tulikosea. Yeye aliyekuwa msibani Kalinzi.

Jioni mdogo wangu alikojoa, na sijawahi kuona watu wazima wakifurahia mkojo namna ile. Asubuhi akaomba ugali. Mama aliporudi kutoka Tabora aliambiwa mtoto aliugua, akapelekwa zahanati, akapona. Basi. Bibi alifariki mwaka 2009 na hakuwahi kuongeza neno.

*

Mimi nikawa mwalimu wa kemia. Sisemi kwamba ni kwa sababu ya usiku ule. Alama zangu zilinipeleka huko. Lakini kila mwaka nikifika kwenye mada hii naifundisha kwa muda mrefu kuliko muhtasari unavyotaka, na naanzia Uvinza.

Pale Uvinza, karibu na mahali mto Ruchugi unapoungana na Malagarasi, kuna chemchemi za maji ya chumvi. Waakiolojia John Sutton na Andrew Roberts walichimba hapo katika miaka ya 1960 na kukuta kwamba watu walikuwa wakichemsha chumvi tangu karibu karne ya 5 au ya 6. Burton na Speke, walipopita kuelekea Ujiji mwaka 1858, waliikuta biashara hiyo. Nawauliza wanafunzi: kwa nini walichemsha mpaka maji yakauke? Kwa nini wasiyapashe moto kisha wayaache yapoe, chumvi ijitenge yenyewe? Jibu liko kwenye namba. Umumunyifu wa chumvi karibu haujali joto: gramu 36 kwenye mililita 100 za maji ya kawaida, gramu 39 kwenye yanayochemka. Ukiyapoza, unapata gramu tatu tu. Ukitaka chumvi lazima uyaondoe maji yenyewe, na kuyaondoa ni kuni, kuni, kuni, karne baada ya karne. Sukari ina tabia nyingine: joto linaongeza sana kiasi kinachoingia.

Kisha nawauliza kuhusu soda. Kwa nini soda ya moto ikifunguliwa inamwagika yote? Kwa sababu gesi ni kinyume: maji yakipata joto, yanashikilia gesi kidogo zaidi. Hapo naingia Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 ambacho karibu chote hakina hewa ya kuvuta samaki. Hewa ya oksijeni inaingia kwa juu na inaishia mita mia moja hivi upande wetu wa kaskazini, mia mbili kusini. Dagaa wote, migebuka yote, riziki ya baba yangu yote, iko kwenye utando huo wa juu. Maji ya juu yakizidi kupata joto yanabeba oksijeni kidogo zaidi, tena yanakuwa mepesi yakigoma kuchanganyika na ya chini yenye rutuba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba jambo hilo limekwisha kuanza. Wanafunzi wa bara wanaona ni hadithi ya mbali. Mimi namwona baba na karabai yake.

Mwisho nawaambia kuhusu sukari niliyoibania. Ilinichukua miaka kujua kwamba sukari haikuwa ya kumbembeleza mtoto. Katika miaka ya 1960 wanasayansi waligundua kwamba kwenye ukuta wa utumbo kuna mlango ambao chumvi na sukari hupita pamoja, zimeshikana mikono, na maji huzifuata. Hata kipindupindu, kinachovuruga karibu kila kitu, kinauacha mlango huo wazi. Mwaka 1971, kwenye kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu. Akawaachia ndugu wa wagonjwa maji yenye sukari na chumvi wawanyweshe wenyewe. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Jarida la tiba la The Lancet liliandika mwaka 1978 kwamba huenda huo ulikuwa ugunduzi mkubwa kuliko yote ya tiba katika karne ile. Bila sukari, chumvi inabaki nje ya mlango. Na mimi niliihifadhi kwa ajili ya chai ya asubuhi.

*

Mei 2015 simu iliita darasani. Alikuwa mdogo wangu, yule yule, sasa ana watoto wawili na anauza sabuni hapohapo Mwandiga. Ilikuwa wakati wa machafuko ya Burundi. Maelfu ya watu walikuwa wamevuka na kurundikana Kagunga, ufukwe mwembamba kati ya mlima na ziwa, na meli ya Liemba ikawa inawasomba kuwaleta Kigoma mjini, uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi kuwapeleka kambi ya Nyarugusu. Kipindupindu kilikuwa kimewapiga. Kabla ya mwezi kwisha watu zaidi ya 3,000 waliugua, zaidi ya 30 wakafa, na baadhi yao walikuwa wenyeji.

"Kaka, mtoto wangu wa pili anaharisha tangu alfajiri. Nampeleka zahanati sasa hivi, lakini pakiti hatuna hapa ndani. Nimpe nini njiani?"

Nilitoka nje ya darasa. Nikamwambia: lita moja, iliyochemshwa. Sita za sukari, kijiko cha chai, sawazisha kwa kisu. Nusu ya chumvi, sawazisha. Kama chumvi ni ya mawe, itwange kwanza. Koroga mpaka chini pawe peupe. Halafu onja wewe kabla yake.

"Nionje iweje?"

"Isizidi chumvi ya machozi."

Kimya kidogo. "Hayo ni maneno ya bibi," akasema.

Mtoto alipona, hakikuwa kipindupindu. Wiki ile, alipopiga kunijulisha, nikamweleza habari ya jagi, kwa mara ya kwanza, miaka kumi na tisa baadaye. Kijiko cha wali, sukari niliyoibania, pua niliyoibana. Nilitarajia anyamaze. Alicheka sana.

"Kumbe ndiyo maana mboga zako nazionaga chumvi kali!" Halafu, taratibu: "Mama umemwambia?"

Sikumwambia. Kila likizo nakwenda Mwandiga nikiwa nimekusudia, na kila likizo mama ananikaribisha na chai ambayo sukari yake imetiwa sufuriani, nami nainywa nikinyamaza. Nilidhani jambo la siku nyingi hivyo limekwisha kuyeyuka. Lakini nilichojifunza kuhusu chumvi ni kwamba kutoonekana si kutokuwepo. Kausha maji, utaikuta chini ya sufuria, yote, gramu kwa gramu.

Mama hasomi vitu vya mtandaoni. Mdogo wangu anasoma, na nimemwomba amsomee hii.